Laravel na "mvuvis": niliyojifunza kwenye daftari la mjomba

Jedwali langu la kwanza kwenye Laravel, fremuweki ya kujengea tovuti kwa lugha ya PHP, liliitwa `mvuvis`. Si mimi niliyelipa jina hilo. Niliandika `php artisan make:model Mvuvi -m`, nikabonyeza Enter, na Laravel ikafanya inavyofanya kwa majina mengi yanayopita mbele yake: ikabandika s mwishoni. Nahodha akawa `nahodhas`, malipo yakawa `malipos`. Nilicheka peke yangu pale dukani, Ngamiani, Tanga, hadi mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniuliza kama niko salama.

Laravel, isipoambiwa vingine, hufuata wingi wa Kiingereza. Wingi wetu unakaa mbele ya neno, mvuvi na wavuvi, chombo na vyombo, na hakuna aliyewahi kuiambia. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya modeli, faili linalowakilisha jedwali, `protected $table = 'wavuvi';`, na jina hilohilo kwenye migresheni, faili linalolijenga jedwali lenyewe. Wengi hukwepa kwa kuandika majina yote kwa Kiingereza. Nilijaribu, nikaacha. Hesabu nilizokuwa nazishughulikia ni za mjomba wangu, mwenye vyombo vya dagaa kwenye diko la Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa, na kwake mashua na mtumbwi havigawi mapato sawa. Nilipoandika `Boat` nikajikuta nimevitia vyote kapu moja, ikabidi nivitenganishe tena baadaye.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifungua macho. Fremuweki ni nyumba uliyoikuta imeshajengwa. Ukuta upo, mlango upo, swichi ya taa iko pale fundi alipoona panafaa. Taylor Otwell wa Arkansas, Marekani, aliitoa Laravel mwaka 2011, na mengi aliyoyaamua ni mazuri. Lakini kaamua yeye. Kujifunza fremuweki, kwa nilivyoona, ni kujua umeamuliwa nini bila kuulizwa na pa kubadilisha ni wapi. Video nyingi zinakuonyesha kuwasha taa, nyaya hazikuonyeshi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hautapendwa: kaa na PHP tupu kwanza, hata mwezi. Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, na bado unaweza kuitumia hivyohivyo, faili moja, fomu moja, kanzidata moja ya kuhifadhia data. Andika fomu inayopokea jina na kiasi, ihifadhi, ionyeshe. Utachoka kurudia mambo yaleyale, na uchovu huo ndio utakaokuonyesha fremuweki ina kazi gani. Mimi niliruka hatua hiyo. Siku niliyotakiwa kugawa mapato nikawa natafuta jibu kwenye nyaraka za Laravel, kumbe swali ni la PHP. Laki moja kwa watu saba: `intdiv(100000, 7)` inatoa 14,285, na shilingi tano zinabaki. Nikamwonyesha mjomba, akaniuliza nani atampa mtu mia mbili na themanini na tano dikoni saa kumi na moja alfajiri. Yeye hugawa kwa elfu nzima. Kila mtu 14,000, na 2,000 inayobaki ni ya chai. Hesabu yangu ikafuata daftari. Na pesa ziweke kwenye safu ya namba nzima, usithubutu kutumia float, yaani namba ya desimali. Shilingi yetu haina senti ya kuhangaikia.

Sasa kisa kilichonifundisha kuliko vyote.

Vyombo vya dagaa hutoka jioni, hukesha na taa, hurudi usiku wa manane au karibu na alfajiri. Karani akawa anaingiza mzigo kwa simu palepale dikoni, ndoo kwa ndoo. Siku chache tu baada ya kuanza, mjomba akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu nitazamie, Jumanne tulishusha ndoo ngapi?"

Nikafungua. "Kumi na nane."

"Na Jumatatu?"

"Sitini na mbili."

Kimya. Kisha: "Jumatatu hakikurudi chombo hata kimoja. Injini zilikuwa kwa fundi. Hii mashine yako haijui siku."

Nikamsingizia karani moyoni. Nilipotazama safu ya `created_at`, ambamo Laravel huandika saa rekodi ilipoingizwa, nikakuta 23:10, 23:25, 23:52, halafu 00:20. Karani akaapa kwamba mzigo wa kwanza aliuingiza saa nane na dakika kumi usiku. Saa nane na kumi ni 02:10. Kutoka 23:10 hadi 02:10 ni saa tatu kamili, na saa tatu ndizo zinazoitenganisha Tanzania na UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima, kwa kuwa sisi hatusogezi saa kwa majira. Laravel huja ikiwa imewekwa UTC. Kila ndoo iliyoshushwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ilikuwa inahesabiwa jana. Mtu anayeuza viatu mchana asingeligundua hili hata kwa mwaka.

Marekebisho yanafanyika kwenye `config/app.php`: mahali pa timezone unaandika `Africa/Dar_es_Salaam`. Angalia tu kwamba rekodi za zamani hazijisahihishi. Zilizoandikwa 23:10 zinabaki 23:10, ila sasa zinasomwa kama saa za hapa. Ilinibidi niziongezee saa tatu zote kwa amri moja ya SQL, lugha ya kanzidata, baada ya kuchukua nakala ya kanzidata. Kama ungeniuliza kabla, ningekwambia libadilishe hilo siku ya kwanza, kabla hujaingiza hata mstari mmoja.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata mashua moja ikajaa mapema, ikarudi saa tano usiku Jumatano. Mtumbwi ukarudi saa kumi. Mfumo ukaandika mashua Jumatano, mtumbwi Alhamisi, na safari hiyo mbele ya macho ya mjomba ni moja. Kwake jua likishazama siku imegeuka. Ule ni usiku wa kuamkia Alhamisi, basi mzigo ni wa Alhamisi. Hakuna mpangilio wa saa utakaotatua hilo, kwa kuwa kosa halikuwa la saa. Nilikuwa nimeichukua `created_at` kama siku ya safari, wakati `created_at` inasema jambo moja tu: karani alibonyeza kitufe lini. Nikaongeza safu ya `siku_ya_safari`, ya aina ya tarehe tu, na fomu ikawa inapendekeza kesho kama saa imeshapita magharibi. Tangu hapo simu za siku kupotea zimekoma.

Ndiyo maana sikushauri ujifunze kwa kujenga orodha ya mambo ya kufanya au duka la kuigiza. Hayo hayana mtu wa kukupigia simu. Tafuta daftari la mtu halisi. Mji wetu umejaa kaunta buku: wenye vikoba, wauza nazi, mafundi baiskeli, madrasa zenye ada ya mwezi. Omba kulitazama, kaa naye kibarazani, muulize kila safu ina maana gani. Nusu ya majedwali yako yatatoka hapo.

Mengine nitayapita haraka. Ukituma fomu ukapata ukurasa mweupe wenye namba 419, umesahau `@csrf` ndani ya fomu. Hiyo ni alama ya siri inayoiwezesha Laravel kutambua kwamba fomu imetoka kwenye ukurasa wako, si tovuti ya mtu mwingine inayojaribu kutumia jina la aliyeingia. Mimi ilinila jioni nzima.

Ukurasa ukianza kuwa mzito, hesabu maswali yanayokwenda kwenye kanzidata kabla hujailaumu intaneti. Nilikuwa na ukurasa unaoorodhesha safari 200, kila moja na jina la nahodha wake. Msimbo wake ulikuwa mfupi na mzuri kabisa kuutazama. Chini yake Laravel ilikuwa inauliza mara 201: mara moja kuleta safari, kisha mara moja kwa kila safari, kumleta nahodha wake. Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, umtume tena akalete sukari. Kuandika `Safari::with('nahodha')->get()` kukayashusha hadi maswali mawili. Na ukiweka `Model::preventLazyLoading()` unapojenga, Laravel itakupigia kelele kila unapoisahau.

Kuhusu video: tazama mwaka kabla ya kutazama mwalimu. Laravel 11, iliyotoka 2024, iliondoa faili la `Kernel.php` kwenye folda ya `app/Http`. Mambo yake mengi sasa hupangwa ndani ya `bootstrap/app.php`. Kijana mmoja ninayemwelekeza alilitafuta faili hilo siku mbili, akadhani kasakinisha vibaya. Toleo hilohilo linaanza na SQLite, kanzidata inayokaa kwenye faili moja, hivyo huhitaji kuwasha MySQL ndipo ujifunze. Tumia hiyo. Nyaraka rasmi ni za Kiingereza, ndiyo, lakini ni Kiingereza chepesi, na unaweza kuchagua toleo juu ya ukurasa.

Siku ya kuuweka mfumo hewani nilikosea mawili. Nililipia seva ya bei nafuu bila kuuliza toleo la PHP. Laravel 11 inadai 8.2, wao walikuwa nyuma, na pesa haikurudi. La pili ni la aibu zaidi: niliacha `APP_DEBUG=true`. Kosa lilipotokea, karani akanitumia picha ya skrini yenye njia za mafaili na swali zima la kanzidata, na picha hiyo alikuwa ameshaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi. Iwe `false`, na seva ielekezwe kwenye folda ya `public`, si kwenye mradi mzima, la sivyo unaweza kukuta faili lako la `.env` na maneno yake ya siri linasomeka na mpita njia.

Mjomba bado anaandika kwenye kaunta buku. Anasema ni kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Majuzi kaniuliza kwa nini grafu yake inadondoka hadi sifuri kila mwezi, kana kwamba biashara inakufa. Ni mbalamwezi; mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa, vyombo vinalala. Sasa anataka mfumo uoneshe tarehe za mwezi mwandamo pembeni. PHP ina kiendelezi kiitwacho `intl` chenye kalenda ya Kiislamu ndani yake, nimeanza kukichezea. Shida ni kwamba kalenda hiyo inapiga hesabu tu, haitoki nje kuutazama mwezi. Kwa dagaa, kupishana siku moja hakuna neno. Kuhusu Idi, nimemwomba asiniulize.