Mama Tiketi Anajibu: Mwaka wa filamu, na mstari mmoja mtupu

Barua za Desemba zimejaa swali moja: mwakani kuna nini cha kutazama? Nimechagua barua tatu.

*Mama Tiketi, salamu nyingi kutoka Kayole. Binti yangu Neema ana miaka 11 na amebandika mlangoni orodha ya filamu 14 anazozingojea mwaka 2026. Kila tukienda sinema, nikijumlisha tiketi mbili, nauli na bisi, zinanitoka karibu shilingi 2,500. Naweza mara tatu kwa mwaka, basi. Tuchague zipi? Na nimweleze vipi kwamba tarehe hubadilika? Mwaka huu alilia tarehe ya Avengers: Doomsday, ile ya mashujaa, iliposogezwa kutoka Mei 2026 hadi Desemba.*
*Baba Neema*

Baba Neema, kwanza usiibandue hiyo orodha. Hata zile ambazo hamtaziona zina kazi yake.

Nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji kwa miaka 19. Kando yangu palikuwa na kabati la kioo lenye mabango ya filamu zilizokuwa njiani, na kila Ijumaa alikuja kijana mmoja wa kung'arisha viatu kuyatazama. Pesa ya kuingia hakuwa nayo. Alisimama na sanduku lake la kiwi begani, kisha akanisimulia filamu nzima kutoka kwenye bango: nani atakufa, nani msaliti, lile gari jekundu litalipukia wapi. Zama hizo filamu ilikuja ikiwa mikanda ndani ya madebe, baada ya kuzunguka kwanza miji ya watu wengine, kwa hiyo alikuwa na miezi ya kuitengeneza hadithi yake. Siku filamu moja ilipofika, alikuwa ameweka akiba, akaingia. Alipotoka alikuja moja kwa moja dirishani. "Mama," akaniambia, "yangu ilikuwa nzuri kuliko hii." Nilimwamini. Yake nilikuwa nimeisikia.

Basi mwambie Neema aandike chini ya kila jina anachodhani kitatokea humo. Zile msizoziona atakuwa amezipata kwa njia hiyo, na zile mtakazoziona ataingia nazo ukumbini akiwa na lake la kulinganisha.

Sasa tarehe. Studio kubwa hushika tarehe ya filamu kama familia inavyoshika ukumbi wa harusi, miaka miwili kabla, hata nguo hazijashonwa. Halafu kazi ya kompyuta inachelewa, au hati inaandikwa upya, au waigizaji wanagoma. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, na sehemu ya pili ya Dune iliyokuwa itoke Novemba hiyo ikasogezwa hadi Machi 2024. Siku hizi hata filamu ikifika Nairobi mapema, ukumbi hauwezi kuifungua: inakuja kama faili lililofungwa, na ufunguo wake hufanya kazi katika mashine ya ukumbi huo tu, kwa siku zilizopangwa tu. Neema aandike tarehe kwa penseli.

Katika zile tatu zenu, ya kwanza kwangu ni The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyotangazwa kwa Julai 17. Ni filamu ya kwanza ya hadithi kupigwa yote kwa kamera za IMAX za mkanda, zile za picha kubwa mno, na kisa chenyewe, cha Homer wa Ugiriki ya kale, ni cha mtu anayepotea baharini miaka mingi akitafuta njia ya kurudi nyumbani. Bahari ya namna hiyo haienei kwenye simu. Lupita Nyong'o wetu yumo, na nataka kumwona akiwa mrefu kuliko nyumba yangu. Lakini subiri Bodi ya Uainishaji wa Filamu itoe daraja lake la umri. Ikipewa 16, Neema hataingia, na usijaribu kumvalisha nguo za dada yake mkubwa. Nimewarudisha wengi mlangoni na ilikuwa ikiniuma kila mara. Ikiwa hivyo, nendeni Toy Story 5, Juni 19. Hiyo ya wanasesere mimi ningeiacha ije nyumbani, aitazame na watoto wote wa ploti, lakini ukumbini pia hataumia.

Ya pili ni Avengers, Desemba 18, kwa sababu aliilia, na pia kwa sababu shule zimefungwa. Ile inahitaji watu. Mwaka 2019, ilipotoka Avengers: Endgame, nilikaa kati ya vijana nisiowajua na tulipiga kelele pamoja kwa saa tatu; mmoja alinishika mkono bila kujua ameushika wa nani. Wa kumshika hivyo Neema hatampata sebuleni.

Ya tatu msiichague. Acheni mstari mmoja mtupu chini ya orodha. Nitaeleza kwenye barua ya mwisho.

*Mama, Desemba 18 zinatoka Avengers na Dune ya tatu siku moja! Nianze na ipi?*
*Kijana wa Pipeline*

Avengers, wikendi ileile ya kwanza, la sivyo utasimuliwa yote ndani ya matatu kabla hujafika Donholm. Dune iache wiki ya pili, ukumbi ukiwa umetulia, kwa kuwa mwongozaji wake, Denis Villeneuve, hutumia ukimya na ukimya unataka wenzako wanyamaze. Kabla ya hapo rudia ya 2021 na ya 2024. Ukipata kitabu cha Frank Herbert kiitwacho Dune Messiah, ndicho msingi wa hii ya tatu.

*Kwa nini filamu ya Marekani naijua tarehe yake mwaka mzima kabla, lakini za Kenya nazisikia zikiwa zimeshaondoka?*
*Mwanafunzi, Ngara*

Mwanangu, swali hili limenikaa moyoni miaka mingi.

Filamu yetu ikikamilika, mara nyingi hupandishwa ndege kwanza. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, Februari 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikwenda tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei mwaka huohuo, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko, huku hapa nyumbani imepigwa marufuku. Mwaka 2025 How to Build a Library, inayohusu Maktaba ya McMillan pale Mtaa wa Banda, ilianzia tamasha la Sundance, Marekani. Siwalaumu waongozaji. Huko ndiko wanakopata wanunuzi na jina. Lakini ikirudi, pesa za matangazo zimekwisha, na kumbi nyingi huipa wiki moja au mbili, mara nyingine saa nane mchana siku ya kazi.

Kumbi zenyewe zimepungua. Watu hupandia matatu Odeon, hushukia Globe, na wengi hawajui kwamba hayo ni majina ya sinema. Hapo Ngara kwenu, Sarakasi Dome ilikuwa sinema ya Shan.

Lakini nimeona pia kinachotokea watu wakijua siku. Septemba 2018 Mahakama Kuu iliiruhusu Rafiki kwa siku 7 tu, watu wazima peke yao. Nilikwenda sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, nikakuta tiketi zimeisha, nikarudi kesho yake mapema. Ukumbi ulijaa hadi safu ya mbele kabisa, ile ya kuumiza shingo, ambayo mimi katika miaka yangu 19 nilikuwa nikiiuza mwisho. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakitazama mitaa ya jiji lao wenyewe.

Kwa hiyo fuatilia watu, usingoje mabango. Wafuate waongozaji kwenye kurasa zao. Pitia kila mwezi ratiba ya Alliance Française na ya Goethe, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, ni mwendo wa miguu kutoka kwenu. Unseen kule Kilimani ni ukumbi mdogo lakini huzipa filamu za Afrika nafasi.

Na Baba Neema, huo ndio mstari mtupu. Zile 2,500 za tatu ziweke kando tangu Januari. Mkisikia filamu ya hapa imefungua na daraja lake linamruhusu mtoto, Neema aijaze kwenye orodha, aandike anachodhani kitatokea, na mwende wikendi hiyohiyo. Msiseme Ijumaa ijayo, huenda isiwepo.