Storeji mpya ya bei mbaya, klaudi, au tubaki na seva yetu? Maswali yenu ya kompyuta, wiki hii Kigoma

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nipo Mwanga hapa Kigoma, kampuni yetu inauza jumla, unga, sabuni, saruji, na mzigo mwingine unashuka bandarini kwenda Kalemie na Bujumbura. Mauzo, stoo na uhasibu vyote viko kwenye seva moja ya miaka sita yenye diski nne za kuzunguka, mwisho wa mwezi inakuwa nzito mpaka wakata ankara wanaenda kunywa chai wakisubiri. Muuzaji wa Dar katuletea profoma ya storeji (boksi la diski) yenye SSD peke yake, yaani diski zisizozunguka, na kontrola mbili (ubongo wa boksi, mmoja ukifa mwingine unaendelea), bei imemshtua bosi, na bosi naye kasikia mahali kwamba siku hizi watu wote wako klaudi (seva za kukodi kupitia intaneti). Nimeambiwa nilete jibu Jumatatu. Tununue, tuhamie klaudi, au tubaki hapa hapa? (Mhasibu aliyegeuzwa mtu wa IT)

JIBU: Pole na kazi mbili kwa mshahara mmoja. Hiyo profoma iweke pembeni kwanza, kaa na bosi umuulize vitu viwili tu. Mfumo ukilala, mnaweza kuuza kwa mkono masaa mangapi kabla hamjaanza kupoteza hela? Na ukirudi, mnakubali kupoteza kazi ya muda gani, ya dakika kumi, ya asubuhi nzima, au ya jana yote? Atakujibu sifuri kote kuwili, mabosi wote wanajibu hivyo, sasa we mkumbushe siku boti ya Kalemie inapakia, mzigo hautoki stoo bila hati, wapagazi wamekaa juu ya magunia na nahodha anapiga simu kila baada ya dakika tano, siku hiyo masaa mawili ni mengi. Ila Jumapili jioni masaa sita hamna atakayejua. Majibu hayo yaandike kwenye karatasi, ndiyo yanayopanga bei, sio muuzaji.

Afu huo uzito wa mwisho wa mwezi, una uhakika ni diski? Watu wengi wananunua storeji kumbe tatizo ni swichi ya mtandao ya zamani au ripoti moja iliyoandikwa vibaya inayosoma mauzo yote tangu kampuni ianze. Kama seva ni Windows fungua Performance Monitor, kama ni Linux tumia iostat, angalia diski inachukua milisekunde ngapi kujibu wakati watu wanalalamika. Chini ya kumi diski haina kosa, ikizidi ishirini na ikakaa huko basi ni yenyewe. Na nahisi ni yenyewe, manake diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inasubiri wastani wa milisekunde 4 hivi sahani izunguke tu, hapo kichwa bado hakijahamia mahali pake, kwa hiyo kwa kazi ndogo ndogo za hapa na pale inaweza mia hivi kwa sekunde basi, na database ya mauzo ni kazi ndogo ndogo za hapa na pale kuanzia asubuhi mpaka jioni. SSD ya seva inafanya maelfu kwa maelfu. Hapo muuzaji wako hajakudanganya.

Ninapoachana naye ni kwenye lile boksi. Storeji ya pamoja yenye kontrola mbili ni kitu kizuri kwa watu wenye seva tano, kumi, zote zinachota data sehemu moja. Nyie mna seva MOJA. Mkinunua hilo boksi mtakuwa na kontrola mbili, pawasaplai mbili, diski za akiba, vyote vimekaa nyuma ya seva moja ya miaka sita ambayo ikifa mnabaki mnaangalia taa za kijani zinawaka vizuri kabisa na hamna anayekata ankara. Kwa hela hiyo hiyo, pengine pungufu, mi ningechukua seva mbili za kawaida, kila moja na SSD zake ndani, database inajinakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili muda wote, moja Mwanga na nyingine kwenye jengo jingine, stoo ya bandarini kwa mfano, ili moto au radi isichukue zote. Radi za huko kwenu mnazijua wenyewe, fundi apime athi kabla hamjawasha chochote kipya.

Hizo SSD ziwe za seva kweli, usikubali za laptop hata kama fundi anakuambia ni zile zile. Za seva zina kapasita ndogo ndani zinazoipa diski nafasi ya kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla, za laptop nyingi hazina, na UPS yenyewe ipo siku betri yake imechoka.

Sasa soma mkataba wa waranti, hapa ndipo watu wa mikoani tunaumia. Umeandikwa kifaa kinaletwa siku inayofuata ya kazi, muulize siku inayofuata WAPI. Kwa reli ya kati kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na hapo kifaa kiwe kipo Dar, mara nyingi kinaagizwa nje. Mwambie aandike Kigoma kwa jina ndani ya mkataba na masaa yake. Akikataa, na wengi watakataa, basi hela ya waranti ya juu nunua vipuri, diski mbili na pawasaplai moja, vifungie kwenye kabati la ofisini na funguo uwe nayo wewe. Diski iliyopo kabatini Mwanga inashinda ahadi yoyote ya Dar.

RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) atakutajia, ni sawa uwe nayo, ila jua inakukinga na nini. RAID 5 inavumilia diski moja kufa, RAID 6 mbili. Kwa diski kubwa za kuzunguka chukua 6, kwa sababu ile ya TB 16 hata ikiandikwa kwa MB 200 kwa sekunde bila kusumbuliwa inachukua masaa 22 kujazwa upya, na mkiwa mnauza huku inajazwa ni zaidi ya hapo, na muda wote huo zilizobaki zinakimbizwa nazo ni za umri ule ule. Umri ule ule sio utani. Novemba 2019 HPE, kampuni ya kuuza seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao zinakufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, kosa lilikuwa kwenye programu ya ndani ya diski. Fikiria zote zimewashwa siku moja, zinakufa saa moja, RAID itamsaidia nani? Kwa hiyo kila robo mwaka angalia kama kiwanda kimetoa programu mpya ya diski zako, na bakapu iwe kitu tofauti kabisa na RAID.

Klaudi siipingi, ila sio kwa kukatia ankara. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha, mwenye seva yake ofisini aliendelea kuuza, mwenye mfumo nje ya nchi alikaa. Klaudi itumie kwa bakapu ya usiku, ikichelewa siku moja hamfi.

Kuhama msihame mwisho wa mwezi wala wakati wa kuhesabu stoo. Hamisheni Jumamosi baada ya kufunga, linganisha salio la wateja na la stoo pande zote mbili mpaka shilingi ya mwisho (we ni mhasibu, hapo huna mpinzani), afu seva ya zamani izime na usiiguse mpaka mfunge mwezi mzima kwenye mpya. Atakuja mtu anaomba diski zake awekee kamera za geti. Mwambie bado.

SWALI: Mi ni dada wa ofisi moja ya SACCOS Ujiji. Bakapu tunafanya kila siku kwenye diski ya nje, imechomekwa kwenye seva saa zote inafanya yenyewe. Inatosha?

JIBU: Haitoshi dada. Virusi vya kufunga mafaili na kudai hela vinafunga kila kinachoonekana kwenye kompyuta, na diski yako inaonekana. Nunua ya pili mbadilishane, moja imechomekwa, nyingine imechomolewa na inalala nje ya ofisi. Na mara moja kwa mwezi rudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine ufungue akaunti ya mwanachama mmoja uone salio, manake kuna bakapu nyingi zinazoandika imefanikiwa na ndani hamna kitu.

SWALI: Tumebadilisha mfumo hapa Kasulu, seva za zamani meneja anataka kuziuza kwa mafundi. Kuna shida?

JIBU: Seva uzeni, diski mbaki nazo. Kufuta mafaili au kufomati haraka hakuondoi data, fundi yeyote mwenye programu ya kurudishia anazipata namba za simu za wateja wenu na madeni yao, na tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, mtakaobanwa ni nyie mliozikusanya. Za kuzunguka ziandikwe upya mwanzo mpaka mwisho, SSD zifutwe kwa amri ya kiwanda chake, na kama hamna wa kufanya hivyo toboeni kwa drili, sahani zote, na kwa SSD kila chipu, sio kava la juu tu.