Kwa dada wa Masasi: si laana

Dada, pole sana na msiba. Unauliza kama Mungu amekutupa: mume kafariki, mikorosho imepigwa na ubwiriunga, na mzee wa kanisa anadai ni kwa sababu hukutoa zaka.

Huyo mzee mwache. Marafiki wa Ayubu walisema hayo hayo, kwamba mateso ni adhabu ya kosa lake, na kwenye sura ya 42 ya kitabu cha Ayubu Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyelalamika usiku na mchana. Ubwiriunga ni ugonjwa wa mimea unaoletwa na kuvu. Unashika maua wakati wa ubaridi na unyevunyevu, hauulizi nani katoa nini. Msimu ujao muone bwana shamba mapema, dawa ya salfa ipulizwe maua yanapoanza tu.

Sala zikikukwama kooni, soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, hakuna shangwe mwishoni, na bado ni sala. Kwa nini mume wako? Sijui, na anayesema anajua mimi namwogopa.

Ila usijifungie ndani. Waambie kina mama wa jumuiya waje jioni, hata kama ni kumenya mihogo tu, mahubiri wayaache kwao. Na hiyo michango ya shule uliyoitaja, kamweleze mwalimu mkuu kabla hajakuita.