Mhakiki anasema hadithi ya gemu yangu haishiki. Nimsikilize?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi na wenzangu wawili hapa Kisauni tunatengeneza gemu ya simu. Kijana anatumwa kupeleka dawa kwa bibi yake Likoni, anapita Mji wa Kale hadi kwenye feri, na njiani anaokota sarafu za kununulia nguo na viatu. Marafiki wote wameisifu. Lakini mtu mmoja anayehakiki fasihi ameicheza akaniandikia kurasa mbili, akisema, "Bibi yu mahututi, ila mkono wangu umefundishwa kuzurura." Hii ni gemu, si riwaya ya mtihani. Uhakiki mzito hivi una faida gani kwetu?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Zitunze kurasa hizo. Nimeicheza gemu uliyonitumia, na aliyekuandikia amekusoma vizuri kuliko wote waliokusifu.

Tazama hatua yako ya kwanza. Maandishi yanasema, "Fanya haraka, bibi hapumui vizuri." Hapo hapo umetawanya sarafu barazani, nyuma ya milango, na kwenye vichochoro visivyoelekea feri kabisa. Anayezunguka anapata viatu vipya, anayekimbia moja kwa moja anatoka mikono mitupu. Na mtu akichelewa, bibi ni yule yule na maneno ni yale yale. Mchezaji haamini anachoambiwa, anaamini anacholipwa. Marafiki zako hawakuliona hilo kwa sababu uliwauliza kama wamefurahia, nao walifurahia kweli.

Jambo hili lilipata jina mwaka 2007: "ludonarrative dissonance", yaani mgongano kati ya kanuni za mchezo na hadithi yake. Clint Hocking, mtengenezaji wa gemu, aliandika uhakiki wa gemu ya BioShock iliyotoka mwaka huo huo. Alionyesha kwamba kanuni za mchezo zinamwachia mchezaji achague kujinufaisha kwa kuwanyonya mabinti wadogo au kuwaokoa, huku hadithi ikimlazimisha kumsaidia mtu aitwaye Atlas, apende asipende. Mkono una hiari, hadithi haina. Hakusema mchezo ni mbovu, aliusifu kwa mengi. Alichofanya ni kuonyesha mahali hasa ambapo mshono umeachia, na tangu hapo watengenezaji wana namna ya kulitaja tatizo wanapokaa mezani. Kufikia 2016, gemu ya Uncharted 4 ilikuwa na tuzo yenye jina la istilahi ile ile ya Hocking, inayotolewa kwa mchezaji aliyeua maadui 1,000.

Linganisha na kelele za mashabiki. Mwaka 2012 mwisho wa gemu ya Mass Effect 3 uliwaudhi watu wengi mno, na miezi michache baadaye kampuni iliyoitengeneza, BioWare, ikatoa nyongeza ya bure iliyorefusha na kufafanua mwisho ule ule. Hasira yao ilikuwa ya kweli na ilisikika. Lakini hasira hukuambia panapouma tu. Wewe unayeandika gemu nyingine kabisa, Kisauni, huna unachoweza kuchukua hapo mpaka mtu akae chini aeleze kwa nini pameuma.

Wala usidhani jambo hili ni geni pwani. Muyaka bin Haji wa hapa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, beti kwa beti. Mshairi aliyejua kwamba atajibiwa na anayejua mizani na vina hakuthubutu kutoa ubeti mlegevu. Gemu zetu zinakosa watu wa kutujibu namna hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hadithi zake nyingi bado ni pambo la juu tu.

Sasa kazi yenyewe. Sarafu zisiwe za viatu, ziwe za kununulia dawa yenyewe na nauli ya tuktuk mpaka feri. (Feri usiitoze, mtembea kwa miguu havushwi kwa pesa, na Mmombasa yeyote atakucheka.) Punguza zilizo mbali na njia, na mchezaji akichelewa, sauti ya bibi kwenye simu ibadilike. Halafu pale kivukoni, kabla ya kuvuka kwenda Likoni, mchezaji anaposubiri feri itie nanga, umejaza sarafu tele ili mtu asichoke. Ziondoe zote. Mwache asimame na mfuko wa dawa mkononi katikati ya umati, hana la kufanya, feri bado iko ng'ambo. Hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika gemu yako, na mhakiki wako ameitaja ukurasa wa pili. Ukimaliza, mpelekee yeye kwanza, usimweleze chochote, umuulize ni kitendo gani amekirudia zaidi na kimemwambia nini kuhusu kijana huyo.