Sanduku la Wasomaji: Bendi za Kikelti za Leo, Tuanzie Wapi?

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinauliza kuhusu muziki wa Kikelti: ule wa asili wa Ireland, Uskoti, Wales, Bretagne kule Ufaransa na Galicia kule Hispania. Tumezifupisha.

Mhariri, salaam. YouTube imejaa video za muziki wa Kikelti za saa tatu tatu, picha ni msitu na ukungu. Zinafaa kulalia, lakini hazitaji jina la mtu. Nataka bendi zenyewe, za watu wanaorekodi siku hizi. — Msomaji, Shangani, Mtwara

Basi hizo ziache kwa ajili ya kulalia. Rekodi isiyosema nani kapiga fidla wala kibao kinaitwaje, aghalabu ni kinanda cha kompyuta kilichomwagiwa mwangwi. Bendi halisi hutaja kila mpigaji na chombo chake, na majina hayo ndiyo yatakayokuongoza. Wanamuziki wa kule huhama na kuazimana sana; ukimfuata mpigaji mmoja, utafika kwenye albamu kumi ambazo usingezipata kwa kuandika neno "Kikelti" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Anza na Lúnasa wa Ireland, albamu ya Otherworld (1999). Haina mwimbaji hata mmoja: ni filimbi, fidla, zumari za mfuko, gitaa na besi. Tunaipendekeza kwa sababu ya hiyo besi ya Trevor Hutchinson. Sikio lililokulia kwenye dansi na taarabu hupata pa kushika, wakati rekodi nyingi za jadi za Ireland hazina besi kabisa na mgeni huona zinaelea tu.

Sasa mfuate mtu mmoja, Michael McGoldrick wa Manchester, mpiga filimbi. Alikuwamo Lúnasa ilipokuwa changa. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha Flook, bendi ambayo baadaye ilitoa Rubai (2002) bila yeye: filimbi mbili, gitaa na ngoma bapa moja, na ngoma hiyo haina mfano. Kisha akaingia Capercaillie wa Uskoti, anakoimba Karen Matheson kwa Kigaeli. Bendi hiyo, mwaka 1992, ndiyo iliyoingiza kwa mara ya kwanza wimbo wa Kigaeli cha Uskoti katika vibao 40 bora vya Uingereza, Coisich a Rùin. Albamu za McGoldrick mwenyewe, Fused (2000) na Wired (2005), zina ngoma na besi za umeme. Umeshapata kazi ya mwezi mzima kwa jina moja tu.

Ukitaka kizito na cha giza, watafute Lankum wa Dublin. The Livelong Day (2019) na False Lankum (2023) zinavutwa polepole, na chini kuna mngurumo usiokatika. Usizianze kwenye spika ya simu, maana mngurumo huo hutausikia, na bila huo nyimbo zinabaki mifupa. The Gloaming nao wana piano na fidla. Kwenye albamu yao ya kwanza (2014) kipande kimoja kinazidi dakika 16, na hakina papara. Anayependa kasi aende kwa Talisk wa Glasgow, albamu ya Beyond (2018), ambako konsatina, yaani kinanda kidogo cha mkononi cha kukunja na kukunjua, inapigwa kama inadaiwa.

Shikamoo mhariri. Ninafundisha kwaya. Katika rekodi hizi naona wimbo mmoja una majina matatu yaliyotengwa kwa mkwaju (/). Jina lipi ni la kipande kipi? Kuna kimoja nakipenda na siwezi kukipata kwingine. — Mwalimu, Masasi

Marahaba mwalimu. Hayo ni majina ya vibao vitatu vilivyounganishwa bila kusimama, na yamepangwa kwa mfuatano wa kupigwa.

Kibao cha kawaida kina sehemu mbili, kila moja hatua 8 (hatua ni kipande kimoja cha mapigo kati ya mistari ya noti), na kila sehemu hurudiwa: jumla hatua 32. Kikiwa cha aina ya jig, hatua ni ya 6/8, nawe unahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Kikiwa reel, ni 4/4 na noti zinakimbia nne nne. Kwa mwendo wao wa kawaida, hatua 32 huchukua kama sekunde 30 hadi 40. Kwa kuwa kibao hupigwa mara mbili au tatu kabla ya kuhamia kingine, mpito wa kwanza utausikia mahali fulani kati ya dakika moja na dakika mbili. Mara nyingi ufunguo hubadilika hapo hapo, na wanakwaya wako watautambua kabla hujawaambia. Andika dakika na sekunde ya kila mpito pembeni ya jina lake, kazi imekwisha.

Kukipata kwingine, tumia tovuti ya thesession.org. Ni bure, na imeorodhesha vibao, noti zake na albamu zilizomo. Andika jina la kibao, si la bendi. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba kibao kimoja kinaweza kuwa na majina matano, na jina moja likabeba vibao viwili tofauti. Kwa hiyo usiamini jina peke yake: linganisha noti za hatua mbili za mwanzo na unachosikia. Ukurasa wa kila kibao unaonyesha pia majina yake mengine.

Sisi ni wapiga dufu wa maulidi. Ile ngoma yao bapa ni dufu? — Mikindani

Ni ndugu yake. Inaitwa bodhrán: fremu ya mbao ya upana wa sentimita 35 hadi 45 na ngozi, kwa kawaida ya mbuzi. Tofauti iko mikononi. Dufu hupigwa kwa vidole na kiganja. Bodhrán hupigwa kwa kijiti kifupi kinachogonga kwa ncha zote mbili, na mkono wa pili unaingia nyuma na kuikandamiza ngozi ili sauti ipande na kushuka. Nyingi za siku hizi zina skrubu za kukaza ngozi inapolegea kwa unyevu, kwa hiyo hawahitaji moto. Msikilizeni John Joe Kelly katika ile Rubai tuliyoitaja, hasa mkono wake wa nyuma.

Wapo waliochanganya na Afrika? — Msomaji, Nachingwea

Wapo. Afro Celt Sound System walitoa albamu ya kwanza mwaka 1996. Ina mashine nyingi za dansi kuliko tunavyopenda. Kilicho bora zaidi, kwa maoni yetu, ni watu wawili tu: Catrin Finch wa Wales kwenye kinubi na Seckou Keita wa Senegal kwenye kora, chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi. Clychau Dibon (2013) ndiyo ya kuanzia, halafu SOAR (2018), ambayo inahusu furukombe wavuvi wanaoruka kila mwaka kati ya Wales na Afrika Magharibi. Vyombo vyote viwili ni vya nyuzi za kudonoa, na hapo ndipo raha ilipo: mara nyingi huwezi kusema nani anapiga nini.

Nataka kununua na kupiga kwenye sabufa dukani kwangu. Bando langu ni dogo. — Mfanyabiashara, Lindi mjini

Bendi nyingi kati ya hizi zinauza Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na sehemu kubwa ya pesa huwafikia wao. Sikiliza kwanza bure: kwa ubora wa 128 (kilobiti kwa sekunde), dakika moja hula karibu MB 1, hivyo albamu ya dakika 45 ni MB 45. Ukiridhika, lipa kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Bei huwa kwa pauni au yuro, na benki huongeza makato ya kubadili fedha.

Wakati wa kupakua utaulizwa aina ya faili. Chagua MP3 320. Ni MB 2.4 kwa dakika, kama MB 108 kwa albamu hiyo. FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, ni bora zaidi lakini huzidi mara mbili ya hapo, na sabufa nyingi haziisomi. Albamu huja ikiwa faili moja la zip. Mtandao ukikatika katikati, haifunguki. Usinunue tena, ingia upya kwenye akaunti yako uipakue bila malipo.

Flashi iwe ya GB 32 au chini yake, iliyofomatiwa FAT32. Kubwa zaidi huja na exFAT, na sabufa itaandika kwamba hakuna kitu. Majina ya faili yaondolee alama za juu ya herufi, Lúnasa iwe Lunasa, la sivyo utaona viboksi au wimbo utarukwa. Yaanze na 01, 02, 03, kisha nakili moja moja kwa mpangilio huo, kwa kuwa sabufa nyingi hufuata mpangilio wa kunakili, si wa alfabeti.

Na besi ishushe hadi katikati. Filimbi yao ndogo ya D huanzia hezi 587, yaani juu kabisa ya besi, na kupanda zaidi. Ukifungua besi yote kama kwa singeli, kitakachowafikia wateja wako ni gitaa na besi, filimbi itakuwa imezama.