Fundi anataka milioni 7 kabla hajashika nyundo

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Naishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya chini ya vyumba vitatu tuliyojenga 2008. Nataka mambo mawili. La kwanza ni kuondoa ukuta kati ya jiko na sebule, kama mita 3.6, pawe wazi. La pili ni kufumua bafu la chumbani kwetu, maana ukuta wa upande wa kitanda una unyevu na rangi inabanduka kila nikipaka. Nimepata fundi aliyembandikia jirani marumaru vizuri sana. Ameniandikia karatasi yenye mistari minne, jumla shilingi milioni 10, vifaa na ufundi pamoja, na anataka milioni 7 ndipo aanze. Ule ukuta anasema ni wa kugawa tu, siku moja umeshuka. Nimpe? Na nitajuaje bafu limefanyika sawasawa wakati mimi si fundi?

JIBU: Dada yangu, usimpe hiyo milioni 7, na ukuta usiguswe mpaka mtu apande darini. Huyo fundi simjui na sina sababu ya kumshuku. Ila kazi unayompa ni ya vitu vinavyofunikwa: bomba linazikwa ukutani, dawa ya kuzuia maji inalala chini ya marumaru, nondo zinamezwa na zege. Marumaru za jirani uliziona kwa juu, na kilicho chini yake hata jirani mwenyewe huenda hakukiona. Kwa hiyo panga fedha yako ifuate vitu hivyo. Kila kinachokaribia kufunikwa kikaguliwe kwanza, kipigwe picha, ndipo hela itoke.

Nianze na ukuta, kwa kuwa huo ndio unaoweza kuumiza mtu. Mafundi wengi huugonga kwa ngumi wakasikiliza mlio, au hutazama unene wakasema tofali la inchi 5 ni la kugawa na la inchi 6 ni la kubeba. Mlio na unene havikupi uhakika. Jibu liko kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati. Kenchi iliyoungwa vizuri huvuka kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, ikabeba bati bila kuegemea cha kati. Lakini kwenye nyumba zetu nyingi kenchi ziliungwa palepale juu, fundi akaona ukuta wa ndani upo karibu, akasimamisha kiguzo cha mbao juu yake ili mbao ndefu isipinde. Tangu siku hiyo ukuta ule unabeba paa, hata kama kwenye ramani ni wa kugawa. Mtu apande na tochi atazame: kuna mbao iliyoukalia ukuta? Kuna kiguzo juu yake? Kuna tangi la maji karibu nao? Apige picha uzione kwa macho yako.

Fundi anaweza kukuambia kwamba juu kuna linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya mlango, na itashika. Hapo muwe makini sana. Linta ya hapo ilisukwa kwa ajili ya mlango wa kama sentimita 90. Wewe unataka mita 3.6, yaani upana mara nne. Kwa uzito uleule kwa kila mita, nguvu inayotaka kuipinda linta haiongezeki mara nne, inaongezeka mara 16, kwa sababu inakua kwa upana ukizidishwa kwa wenyewe. Inaweza isianguke siku hiyo hiyo. Itapinda kidogo kidogo, jipsamu itaanza kupasuka nyufa, mtazipaka rangi, na masika moja upepo ukija na mvua mtasikia mlio juu ya vichwa vyenu.

Ukuta ukionekana unabeba, bado unaweza kufunguliwa. Unahitaji bimu mpya, yaani boriti ya zege na nondo, iliyopigiwa hesabu na mhandisi, imekaa juu ya nguzo au vipande vya ukuta imara kila upande, na msingi wa chini yake umeangaliwa. Propu, yaani nguzo za muda za kushikilia, zisimame pande zote mbili kabla tofali la kwanza halijatoka. Zege linyweshwe maji siku 7 mfululizo. Propu za chini ya bimu zisitoke kabla ya siku 14, na kwa uwazi mpana kama wenu mimi huziacha mpaka 21. Kwa hiyo siku moja aliyokuahidi ni wiki tatu, na mpishi wa nyumba ajue mapema kwamba jiko litahamia uani.

Kama fedha inabana, kuna njia ninayoipenda zaidi. Acha sentimita 60 za ukuta kila upande, ufungue mita 2.4 badala ya 3.6. Nguvu ya kupinda inashuka chini ya nusu, bimu inakuwa nyepesi, na wewe unabaki na vipande viwili vya ukuta pa kuegeshea friji na kabati. Sebule bado itaonekana kutoka jikoni. Vyovyote utakavyoamua, pita ofisi ya mhandisi wa manispaa uulize habari ya kibali kabla ya kubomoa.

Sasa bafu. Kabla ya kufumua chochote, tafuta maji yanatoka wapi, la sivyo utabadilisha marumaru na unyevu utabaki palepale. Usiku mkishaoga wote, funga koki inayoingiza maji kwenye simtanki, funga pia koki ndogo ya tangi la choo kwa sababu hilo nalo huvuja kimyakimya, halafu pima kina cha maji kwa fimbo. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, pima tena. Maji yakiwa yameshuka, bomba la maji safi linavuja mahali. Yasiposhuka, mshuku sakafu na bomba la maji taka. Tazama pia kuta za nje: kama nazo zimebanduka rangi sehemu ya chini kuzunguka nyumba nzima, huo ni unyevu wa ardhini au chumvi ya mchanga uliofyatulia tofali, na bafu halihusiki.

Watu wengi huamini marumaru huzuia maji. Marumaru yenyewe huzuia, lakini groti, ule ujazo wa kwenye maungio yake, hupitisha, polepole, kila siku mnapooga. Kinachozuia ni dawa inayopakwa juu ya sakafu na ukuta kabla ya marumaru: mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka, pembe zote zikiwa na utepe wake, na upande wa kuogea ipande mpaka kama mita 1.8. Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, kwa sababu ikisharukwa hakuna anayeona. Nilishaitwa kwenye nyumba moja ambayo bafu lilikuwa limekamilika miezi minne tu, ukuta wa chumba umelowa tena. Tulipoingia stoo kutafuta marumaru za akiba, tulikuta ndoo ya ile dawa, mfuniko haujafunguliwa. Mwenye nyumba alikuwa na risiti yake. Alilia, na mimi sikuwa na neno la kumfariji, kwa sababu ilibidi tutindue kila kitu.

Kwa hiyo weka vipimo viwili kwenye makubaliano, na wala havihitaji uwe fundi. Cha kwanza ni cha mabomba, yakiwa yamelazwa ukutani na kabla ya lipu. Fundi bomba azibe ncha zote, aunganishe pampu ya mkono yenye geji ya kuonyesha presha, apandishe presha mpaka mara moja na nusu ya presha ya kawaida, aache saa kadhaa. Mshale wa geji ubaki pale ulipoachwa. Ukishuka, kuna kiungo kinavuja na ni heri mmekijua leo.

Cha pili ni cha sakafu, dawa ikishakauka na kabla ya marumaru. Tundu la maji lizibwe, mlangoni pawekwe kizuizi cha tofali na udongo wa simenti, mjaze maji kina cha sentimita 3, mchore mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji. Rudi baada ya saa 24. Milimita chache zitapotea kwa kukauka. Zikipotea sentimita, au ukuta wa kitandani ukilowa, fundi arudie kwa gharama yake. Marumaru zikishabandikwa, chukua pimamaji, hakikisha sakafu inateremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tunduni, kisha mwaga ndoo ya maji uone kama kuna dimbwi linalobaki.

Turudi kwenye hela. Fundi hudai asilimia 70 kwa kuwa hana mtaji, na hilo si kosa lake. Anunue simenti kwa fedha ipi? Shida ni kwamba hela yako ikishaingia mfukoni mwake inaweza kwenda kumalizia saiti ya mtu mwingine aliyemdai kabla yako, na ya kwako ikasubiri mteja wa tatu. Tenganisha vifaa na ufundi. Ile karatasi ya mistari minne mrudishie, aandike upya kila kifaa, idadi yake na bei yake, na ufundi peke yake. Vifaa nunueni pamoja, risiti ya EFD iandikwe jina lako, vikae ndani kwako. Marumaru ongeza kama asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo, maana rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo.

Ufundi ulipe kwa hatua. Tuseme unafika milioni 3. Mpe 450,000 aanze. Mabomba yakipita kipimo cha geji na kifusi kikiwa kimetoka nje, mpe 750,000. Sakafu ikipita saa 24 za maji, 750,000 nyingine. Marumaru, sinki na koki vikishakaa, 750,000. Inabaki 300,000, na hiyo uishike miezi mitatu, ambacho ndicho kipindi cha matazamio. Chochote kikivuja humo anarudi bila malipo. Fundi anayejiamini atabishana nawe kidogo kisha atakubali. Anayegoma kabisa kupimwa kwa maji, achana naye hata kama bei yake ni nzuri.

Hela ya kula ya kila siku isikusumbue, ila iwe ndani ya hesabu: daftari moja, tarehe, kiasi, sahihi yake na yako. Wengi wanaokorofishana na mafundi hukorofishana hapo, kwa elfu kumi kumi ambazo hakuna aliyeziandika. Kazi ya nyongeza nayo isianze kwa maneno ya mdomo. Ukitaka rafu ya ukutani uliyoiona kwenye simu yako jana, mwandikie ujumbe, akujibu bei, ukubali, ndipo ashike mwiko. Andikeni pia nani anabeba kifusi, nani ananunua LUKU ya mashine zake, na saidia fundi akiumia nani atamtibu. Hili la mwisho watu huona haya kulitaja, lakini kijana anayevunja ukuta wako ni mtoto wa mtu.

Kama unafikiria hita ya kuogea, isemwe sasa kabla ukuta haujazibwa. Hita ya wati 5,500 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, wa milimita za mraba 4 au 6, na isiungwe kwenye soketi ya pasi. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Na kama ukuta utahitaji bimu, kwa sehemu hiyo usimtegemee fundi wa marumaru. Tafuta mkandarasi aliyesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na umwombe namba ya usajili. Kwa majengo kuna madaraja saba, na wa daraja la saba, ambalo ndilo dogo kuliko yote, anatosha kuanza kuzungumza naye.

Kesho mwite fundi wako, mpe chai, mwambie apande darini na simu yake. Nitumie picha tatu: kenchi zilipokutana na ule ukuta, juu ya linta, na upande wenye tangi kama lipo. Nikishaziona nitakwambia kama unahitaji mhandisi aje nyumbani au unaweza kuanza na bafu wiki hii.