Ukienda Cong, usiishie kwenye kasri

Mkuu, umeuliza kama ukiwa Galway, Ireland, na watoto kuna kijiji kidogo cha kushinda siku nzima. Nenda Cong, kule kaunti ya Mayo, karibu kabisa na mpaka wa Galway. Nimeishi Galway miaka sita na kila mgeni wangu nampeleka huko.

Wengi wanakimbilia kasri la Ashford, lililoanza 1228 na baadaye likamilikiwa na familia ya Guinness, wale wa bia. Siku hizi ni hoteli ya gharama. Kuna pia sanamu ya John Wayne amembeba Maureen O'Hara, kwa ajili ya filamu waliyoigiza hapo 1951. Piga picha, songa mbele.

Ingia kwenye magofu ya monasteri ya Waagustino. Rory O'Connor, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, alistaafu humo na akafia humo 1198. Msalaba maarufu wa Cong, wa 1123, usiutafute hapo. Uko Makumbusho ya Taifa, Dublin. Ukivuka kidogo kuelekea mtoni utaona kijumba cha mawe walichojenga watawa juu ya maji, sakafu yake ina tundu la kuvulia. Wenyeji husimulia kwamba kamba ilifika hadi jikoni, samaki akinasa kengele inalia. Mwanangu alilala kifudifudi akichungulia tundu lile mpaka nikamvuta.

Ila kinachonirudisha Cong ni mfereji mkavu. Wakati wa njaa kuu, viazi vilipooza shambani mwaka baada ya mwaka, vibarua waliajiriwa kuanzia 1848 kuchimba njia ya boti kati ya ziwa Mask na ziwa Corrib. Mwamba wa pale ni chokaa yenye nyufa, ukawa unayanywa maji. Reli nayo ilishafika Galway. Kazi ikaachwa 1854, na boti haikupita hata moja. Shuka uyaguse yale mawe ya kingo, Mkuu. Yamechongwa kwa ustadi, yamepangwa sawasawa, na waliofanya kazi ile walikuwa na njaa.

Halafu mpitie msituni, kwenye pango la Pigeon Hole. Mnateremka ngazi za mawe hadi gizani, na chini mnausikia mto: ni maji ya ziwa Mask, yanajipitia yenyewe chini ya ardhi kwenda Cong. Bebeni tochi, na watoto wavae viatu visivyoteleza.